Mzee Masikio Ameenda Kasikeu

Leo nimeaibika, jamani. Tena maiki ilikuwa imewashwa.

Mnajua mimi hufundisha watoto Jumapili kanisani kwetu hapa Kikima, Mbooni. Mwezi mzima nimewaimbia wimbo mmoja: leteni vitu vya kuchezea ambavyo vimewawia vidogo, tuwape watoto wa nasari moja huko Kasikeu. Leo wageni wetu wadogo kutoka huko wakafika, gunia limejaa mpaka mdomoni. Nikashika maiki. Nikahubiri! "Ukitoa, achilia! Usiangalie nyuma!" (Hata pasta alisema amina. Nikajiona nimeshafika mbali, nahutubia uwanja mzima.)

Mutua, miaka tisa, akaleta lori lake la waya. Alilitengeneza mwenyewe, magurudumu ya kandambili kuukuu, usukani unakata kona kabisa. Fundi!

"Mutua, si bado unalichezea hili?"

"Nimekua, mwalimu. Siku hizi nikilisukuma naumwa na mgongo."

Akalipangusa vumbi, akaliweka chini, akarudi kukaa bila kugeuka. Nusura nilie.

Halafu Mwende, mgeni wa miaka minne, akaingiza mkono guniani, akatoa ndovu wa sweta ya bluu. Sikio moja lililiwa na mbuzi.

Niliruka. "Hapana! Huyo ni wangu!"

Kwa maiki.

Ngoja nieleze. Huyo ni Mzee Masikio. Susu yangu, mama yake mama, alimshona kutoka kwa sweta yangu ya darasa la kwanza, mwaka ule aliotuacha, Mungu amlaze pema. Nimelala naye tangu hapo. (Nina miaka ishirini na tatu. Endeleeni kusoma, msisimame hapo.) Sasa guniani alifikaje?

Jibu likasimama katikati ya akina mama. Mama yangu mzazi.

"Mumbua, si ulisema tulete vya mtoto aliyekua? Kwangu mtoto ni wewe peke yako! Ama hujakua?"

Kanisa likavunjika mbavu. Pasta akajificha nyuma ya Biblia, mabega yanatingishika. Mimi nimeshika mguu wa ndovu, Mwende ameshika kichwa, hakuna anayeachilia.

Mutua akaja, akaninong'oneza: "Mwalimu, hata mimi leo asubuhi nimelitoa lori nikalirudisha ndani mara mbili. Hesabu mpaka tatu, halafu fungua vidole."

Akanihesabia. Tatu ikapita. Alifika kumi na saba, mtoto huyo, bila kunicheka hata kidogo, kama fundi anayengoja gundi ikauke.

Nikafungua vidole.

Mwende akamfunga Mzee Masikio mgongoni kwa leso, akambembeleza. Nikainama nimwambie kwa siri: "Hulala upande wa ukuta. Na anaogopa radi."

Kwa siri! Na maiki iko mkononi!

Mzee mmoja akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Anayeogopa radi ni ndovu, ama ni mwalimu?"

Nikatoka kwa mlango wa kwaya.

Sasa niko nyumbani. Mutua ameahidi kuniundia lori dogo, saizi ya mto wa kulalia. Nimekubali, tena haraka. Chekeni basi. Lakini naona mawingu yanakusanyika huku Mbooni, na waoga tulikuwa wawili.