Chungu cha Mama Penina

Jumatatu, 3 Juni 2024
Jumamosi wajomba wa Stellah wanakuja kutoka Butiama kupanga siku ya harusi yetu. Wasipoipenda pombe nitakayowapa, siku haipangwi. Hapa Nyamuswa wote wanachukua kwa jirani yangu, Mama Penina. Mimi sichukui! Nina C ya Baiolojia. Pombe ni chachu tu. Nimeweka uji wa ulezi kwenye chupa tatu. A: hamira ya dukani. B: ganda la ndizi. C: povu kutoka chungu cha Mama Penina. (Alikuwa amegeuka.)

Jumatano, 5 Juni
Matokeo. A inanuka mkate. B inanuka rangi ya kucha. Rafiki yangu Baltazar kaionja, katema, kauliza kama nataka kuoa au kuua. C ina povu zito, harufu ya tunda. Safi! Kumbe kila chachu na tabia yake.

Hitimisho: C imetoka chunguni, kwa hiyo siri ni udongo. Nimemwaga chupa zote.

Nimemwomba Mama Penina chungu. Kasita. Kasema mwanangu, hicho ni cha mama mkwe wangu marehemu, hakioshwagi, kitumie kilivyo. Nikaelewa. Anaona aibu.

Alhamisi, 6 Juni
Ndani kuna ukoko mweusi wa miaka arobaini! Sabuni, maji ya moto, stilwaya. Saa tatu nzima. Kinang'aa. Nimemimina uji wa kimea, nimefunika.

Ijumaa, 7 Juni
Kimya. Nimechungulia mara kumi na moja. Huenda ni chachu ya aina ya upole.

Jumamosi, 8 Juni
Wajomba wanne, mirija minne, chungu katikati. Mjomba Mugeta kavuta. Katazama ncha ya mrija. Kavuta tena. Kanishukuru kwa uji, kisha kauliza kwa heshima: Mniko, mwanangu, huyo mtoto mchanga yuko wapi?

Wamecheka hadi mmoja katoa leso. Siku haikupangwa! Nimepewa wiki mbili, mara ya mwisho. Stellah hakuniaga.

Mama Penina kaja kuchukua chungu. Kachungulia, kakaa chini, kashika kichwa. Kasema nimemuua mama mkwe wake mara ya pili.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari ibada nzima. Kosa nimeliona. Kwenye ufa wa chungu ulibaki weusi kidogo! Ndio uliozuia chachu.

Bunda mjini yuko Flora, mpika pombe, ana chungu cha bibi yake, wanasema hakijawahi kuoshwa. Kesho nakwenda kukiazima. Nimenunua stilwaya mbili na Jiki.