Mimi x, Bi Romana y

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Aibu bado mbichi. Nikikatiza soko la Kashaulili, wanafunzi wangu wanaangalia pembeni. Ni bipola, daktari kasema: kuna wiki napaa, kuna wiki nazama. Mwezi uliopita nilipaa kweli kweli, hadi juu ya paa la bweni, nikawafundisha Kidato cha Nne trigonometria nikiwa na bukta. Mkuu wa shule kasema sirudi darasani mpaka Bi Romana, mshauri wangu kule kliniki, athibitishe kwamba nimetulia. Hesabu zangu anafundisha Malale. Mwalimu wa jiografia! Na mtihani wa taifa ni Novemba.

Jumanne, 2 Septemba
Nimepata dawa! Siyo vidonge (hivyo nameza, mke wangu Agatha ananisimamia). Mahesabu! Mimi ni x, Bi Romana ni y. Nikitulia, naye anatulia. Akitulia, ananiona mzima. Milinganyo miwili, grafu moja. Nimechukulia kwamba hakuna kinachomgusa Bi Romana ila mimi. Ni kurahisisha tu. Mbona kwenye vitabu gari halina msuguano na hakuna anayelalamika?

Agatha kaniambia nivae twende msibani Magamba. Nikamjibu niko katikati ya mlinganyo. Msiba wa nani, sikuuliza. Kaondoka kanuna.

Ijumaa, 5 Septemba
Kliniki. Nimeongea polepole, nikatabasamu kiasi. y haikupanda. Bi Romana macho mekundu, anajibu kwa mkato. Nikajua x haitoshi. Nikaongeza tabasamu. Nikatoa chupa ya asali ya Inyonga. Nikamwiga Malale anavyochora duara. Wapi! Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba uso wake unaniharibia grafu.

Akauliza taratibu grafu gani. Nikamwonyesha. Akaitazama weee, kisha akasema kaka yake amezikwa Jumanne, Magamba, na amekuja kazini ili wagonjwa wake wasikose mtu. Akaongeza kwamba mke wangu alishinda pale akipika.

Natamani ardhi ipasuke inimeze. Mpanda nzima ilikuwa msibani, mimi nachora mishale.

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya misa nimekwenda Magamba na Agatha kutoa pole. Niliogopa hata kuingia uani. Nimekaa mkekani na wanaume wenzangu, kimya, bila hesabu yoyote kichwani. Nikamlilia mtu nisiyemjua. Nikajionea aibu, nikaendelea kulia. Bi Romana alikuja mwenyewe kuninawisha, akanisihi nile. Wakati naaga alisema leo ndiyo kwanza ameniona nimetulia kweli, na kama nataka, atamwomba mkuu wa shule nianze na vipindi vichache. Agatha alinishika mkono njia nzima. Nimeapa mbele yake: milinganyo basi.

Jumatatu, 8 Septemba
Mkuu amekubali! Malale kaniachia chaki shingo upande. Ila ni vipindi vichache mno, na mimi navitaka vyote.

Nimewaza. Kosa halikuwa milinganyo, nilisahau z tu, yaani msiba. Msiba mmoja umenirudisha darasani. Kwa hiyo mchana nimemuuliza Agatha, kwa upole kabisa, eti mama yake Bi Romana anaendeleaje kiafya.

Agatha kaacha kusonga ugali, kanigeukia na mwiko mkononi. Naandika haya nikiwa chooni, mlango nimeukomea.