Hotuba ya Kuzindua Mfumo wa Kukadiria Ndoo na Vifuniko Vyake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya kiwanda chetu cha ndoo, mlezi wa viwanda, shina la hekima, ambaye kwa bahati njema na kwa ndoa halali kabisa ni baba mkwe wangu (Mwenyekiti anasinzia, makofi yanapigwa taratibu asije akaamka), Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, mliofika na mliotuma makoti yenu yakae kwenye viti kwa niaba yenu, Mheshimiwa Mhasibu Mkuu, Mheshimiwa Kaimu Msaidizi wa Mhasibu Mkuu, wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wakuu wa pembe za vitengo, mke wangu mpenzi, mama watoto, uliyeipiga pasi suti hii mara mbili baada ya mimi kuikalia, ndugu wafanyakazi wa zamu ya kwanza, na ninyi ndugu zetu wa zamu ya pili, ambao mpo nyumbani miezi kadhaa sasa lakini mmeitikia mwaliko wa kuja kujaza ukumbi: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, ichukuliwe kuwa imezingatiwa. (Makofi.)

Kabla sijaanza, naomba tuketi. (Sauti: "Tuketi wapi?") Ni kweli viti ni haba, lakini kila mmoja achukue vifuniko vya ndoo, avipange mpaka vifike magotini, avikalie. Vipo vya kutosha. Vipo hapa ukumbini, vipo stoo, vipo kwenye ngazi, vipo kwenye choo cha kina mama. (Sauti ya mwanamke: "Mlango haufungi!") Nashukuru kwa taarifa hiyo, naipokea kama ishara ya uzalishaji.

Naona mkono kule nyuma. Ni dada yetu msimamizi wa zamu ya pili, ambaye ninyi mnamwita Mama Ndoo kwa kuwa zamu yake ndiyo inayofyatua ndoo. Dada, swali lako nalijua. (Mama Ndoo: "Zamu ya pili tunarudi lini kazini?") Swali zuri sana, swali la kimkakati, na nitalifikia katika mtiririko wa hotuba, kwa maana haiwezekani nikaanza na jambo mnalolitaka, halafu nani atabaki kunisikiliza? (Kicheko. Mama Ndoo hacheki.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, siku ya leo ni ya kihistoria. Hapa jukwaani, chini ya kitambaa hiki cha buluu, imesimama kompyuta kubwa kuliko friji yoyote mliyowahi kuifungua, na ndani yake umo Mfumo Jumuishi wa Makadirio ya Mahitaji. (Kitambaa kinavutwa, kinakwama, kinavutwa tena. Kasha la kijivu lenye skrini inayong'aa linaonekana. "Ahaaa!") Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nawaambia tazameni, maana gharama za kitambaa nazo zilikuwa kubwa.

Kwa lugha nyepesi, ambayo sitaitumia, Mfumo huu, katika muktadha mpana wa mageuzi ya kidijitali na ujenzi wa uwezo mtambuka kwa wadau wa mnyororo wa thamani, hubashiri soko litahitaji nini kabla mteja mwenyewe hajajijua. Tena haubashiri ovyo kama mpiga ramli. Kila bidhaa lazima kwanza ichaguliwe namna yake ya kukadiriwa: ama ikadiriwe kwa wastani wa mauzo yaliyopita, ama kwa msimu, ama iifuate bidhaa nyingine inayouzwa nayo, ama isikadiriwe kabisa. Ni machaguo manne tu. Mtu wa kawaida angeyamaliza kabla chai haijapoa. Sisi tukaunda kamati.

Kamati ikakaa, ikaahirishwa, ikala, ikakaa tena. Ubishi ulikuwa juu ya kifuniko. Wapo waliosema kifuniko kiifuate ndoo, kwa hoja nyepesi kwamba anayenunua ndoo moja huchukua kifuniko kimoja. Niliwasikiliza kwa uvumilivu, kisha nikawauliza: kati ya ndoo na kifuniko, nani yuko juu? Ehee. Kifuniko kiko juu! Sasa tangu lini mkubwa akamfuata mdogo? Mimi Mkurugenzi wa Mipango humfuata dereva wangu? (Sauti: "Lakini dereva anakaa mbele yako!") Aliyesema hivyo ajitokeze baadaye ofisini kwangu ajengewe uwezo.

Kwa minajili hiyo, kifuniko tukakipa hadhi ya bidhaa inayojitegemea, kikadiriwe kwa msimu. Na kwa kuwa kifuniko hakina msimu, tukakipa misimu yote. Ndoo tukaelekeza iifuate hali ya kifuniko, lakini kwa kuwa kifuniko kilikuwa bado hakijatulia katika cheo chake kipya, tukaiweka ndoo, kwa muda, kwenye chaguo la nne. Na bidhaa isiyokadiriwa haizalishwi, na zamu isiyozalisha hukaa nyumbani. Ndugu zangu, tuelewane: si mimi niliyewapeleka nyumbani. Ni Mfumo! Mfumo ulisema. Mimi nililia. (Mkewe anamtazama, anatikisa kichwa.)

Sasa matokeo. Uzalishaji wa vifuniko umepanda kwa asilimia mia nne. Malalamiko ya wateja kwamba kifuniko hakitoshi kwenye ndoo yameshuka hadi sifuri, maana hakuna ndoo ya kukijaribia. Asilimia tisini na saba ya wafanyakazi wana furaha na mabadiliko haya, na hao asilimia tatu waliobaki ndio tuliofanikiwa kuwauliza. (Makofi kutoka viti vya mbele.) Juzi alikuja mteja wetu wa miaka mingi, mwenye duka la vyombo, anataka ndoo. Nikamwonyesha vifuniko. Akaniuliza, "Mzee, watu wakachotee maji kifuniko?" Nikamjibu kwamba hayo ndiyo matumizi bora ya maji. Aliondoka zake, na mpaka leo hajarudi kupinga.

Mimi si mtu wa kujisifu. Wanaonifahamu wananisifu wenyewe, na wasiponisifu huwakumbusha. Nimehudhuria semina nyingi mno za makadirio, hata vitambulisho vya kuvaa shingoni mke wangu amevifanya pazia la jikoni. Sijawahi kuchelewa semina yoyote wakati wa chakula. (Mama Ndoo amesimama. "Mkurugenzi, jibu swali.") Dada, subira huvuta heri.

(Mama Ndoo: "Subira huvuta heri lakini haipikiki, kaka yangu. Mimi zamu ya pili, mume wangu zamu ya pili. Toka mlivyotuambia mfumo umekataa, tunashinda nyumbani tunatazamana kama picha ukutani. Watoto wakiuliza tunawaambia tunasubiri kompyuta. Sasa kompyuta hiyo hapo. Iulize, tunarudi au haturudi?" Zamu ya pili yote: "Iulize!")

Nimeguswa. Kwa kweli nimeguswa, na katibu aandike kwamba nimeguswa. Lakini mitambo ya hali ya juu haiulizwi ulizwi mbele za watu, ina haya zake. Badala yake natoa ahadi: kabla ya mwisho wa kipindi cha mpito, ambacho kitaanza pindi kitakapoanza, tutafanya upembuzi yakinifu wa kurejea kwenu. Ninyi nyote mtapewa fulana. Na wewe Mama Ndoo, kuanzia leo nakuteua kuwa Balozi wa Mfumo, nafasi isiyo na mshahara lakini yenye kukaa mstari wa mbele. (Mama Ndoo hakai. Mtu mmoja ananong'ona kwa sauti: "Debe tupu haliachi kuvuma." Kicheko.)

Nafunga sasa, tusimame kwa kaulimbiu yetu. Nikisema Kifuniko, mnaitikia Kwanza! Kifuniko...! (Wachache: "Kwanza.") Kifuniko...! (Mhasibu Mkuu peke yake: "Kwanza.") Mfumo ukisema...! (Kikohozi.) Sisi tunatii! Asanteni sana.

Shukrani ni wajibu, na mimi si mchoyo wa shukrani. Kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala wetu, aliyeliunda kasha hili kwa mbao laini kwa ustadi mkubwa hata Mwenyekiti alipolishika jana akasema, "Kweli linafanya kazi, lina joto." Namshukuru fundi umeme kwa hiyo balbu iliyomo ndani. Namshukuru mchora mabango aliyeichora skrini, na naomba mtu asipaguse pale palipo na grafu, rangi haijakauka. Lakini zaidi ya wote nimshukuru Mhasibu Mkuu, ambaye tangu mwaka juzi amekataa katakata kununua Mfumo wenyewe. Bila msimamo wake huo thabiti, maamuzi yote ya kiwanda hiki yangefanywa na mashine isiyo na utu. Leo hii yote, ya kifuniko, ya ndoo na ya zamu, nimeyafanya mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, nikiwa nyumbani, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto.

(Kifuniko kimoja kinaanguka, kinazunguka, kinatulia.)

Mbona hampigi makofi?

(Mama Ndoo, polepole: "Kwa hiyo aliyetutoa kazini ni wewe.") Dada, huu si muda wa maswali, ni muda wa shukrani. ("Tumekuwa tukikuombea dua kwa sababu ulilia.") Nililia kweli! Maji yalikuwa ya moto!

(Mwenyekiti amefumbua macho. Anapanda jukwaani, anaugonga Mfumo kwa vidole. Unatoa sauti ya mlango. "Mwanangu, hili ni kabati?") Kwa hatua ya sasa, baba, ni kabati. (Mwenyekiti anamgeukia Mama Ndoo. "Mama, mnakumbuka mashine ya ndoo inawashwaje?" Mama Ndoo ameshavua viatu vyake vya sherehe, anaelekea karakana. Zamu ya pili nzima inainuka nyuma yake, vifuniko vinamwagika sakafuni, vigelegele.)

Ndugu zangu, rudini, sijatoa takwimu za robo ya pili! Kifuniko...! (Kutoka karakana, mashine inanguruma, na watu wanaitikia juu ya mngurumo: "Ndoooo!") Siyo hivyo! Kifuniko...! ("Ndoooo!") Mama watoto, angalau wewe nisaidie. Kifuniko...! (Mkewe: "Baba watoto, shuka jukwaani, suti itakunjika.")

Haya. Seremala, zima Mfumo.