X Kwenye Ubao Wangu wa Mtaroni

Ndugu Meneja wa Barabara,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, mpe mkubwa wako wa kazi.

Mimi ni Jenifa, mama Blessing, wa hapa Sofu, Kibaha, nyumba ya bati la bluu kando ya barabara kuu. Mlichimba mtaro mbele ya mlango wangu, nikalaza ubao ili mwanangu avuke kwenda chekechea. Juma lililopita vijana wenu waliupiga X nyekundu, ile ya kuondolewa. Mwenye brashi, Tito, akaniambia, "Dada, hii ni njia ya kuingilia barabara kuu bila kibali. Njia kama hizi ndizo zinazoleta foleni." Basi nalalamika:

1. Niliishia darasa la saba, na huko X ilikuwa kosa. Ila mwalimu akikupa X, anakupa na masahihisho. Ninyi mmepiga X mkapanda gari. Naomba jibu sahihi: mtoto wa miaka minne aruke?

2. Jirani yangu wa kushoto ni kituo cha mafuta. Kwenye njia yake malori yanapishana. Wa kulia ni baa; magari yanatoka pale kinyumenyume mpaka katikati ya lami. Hao hawana X. Nimeelewa sasa: foleni yote ya kwenda Mlandizi inaletwa na Blessing na kibegi chake. Nitamwambia atembee upesi.

3. Bi Mwanaamina, anayeniletea mihogo kutoka Mzenga kule Kisarawe, hakanyagi tena ubao. Anasimama ng'ambo ananiita, "Mwanangu, hicho sasa kitu cha serikali. Nife mahabusu kwa ajili ya mihogo?" Kisha anairusha mmoja mmoja. Mingine inaangukia mtaroni, na najua mtasema naziba maji.

4. Kwa kuwa ubao wangu ni barabara, naomba haki zake zote: taa na askari wa trafiki, maana asubuhi Blessing na kuku wangu wanakutana katikati na hakuna anayempisha mwenzake. Mgeni rasmi aje akate utepe. Maandazi nitapika.

5. Hayo yakiwashinda, njooni mfute X. Brashi mnayo.

Natumaini mtanijibu. Asiyetumaini hawezi kulea mtoto kando ya barabara hii.

Nisalimie wote ofisini, na dereva wenu aliyeegesha siku ile juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Ni mimi, ninayewangoja upande wa pili wa mtaro,
Jenifa, mama Blessing.

N.B. Msifute kwanza. Mbao mbili za kabla ya huu ziliibwa, zikaishia mafigani kwa watu. Huu wenye X unalala nje na hakuna anayeugusa. Wote wanadhani ni wa serikali, kama Bi Mwanaamina. Kuhusu ninyi kuja kuung'oa, sina wasiwasi, nawajua: hamtakuja. Blessing naye anakanyaga palepale mistari inapokutana. Anasema mmemwonyesha pa kuweka mguu. Mvua zikianza rangi itafifia. Mpite tena muikoleze.