Mheshimiwa Ndani ya Lifti

Habari ilitufikia barazani kwetu Ng'ambo baada ya sala ya alasiri, kupitia redio ya Mkadam, muuza kahawa. Mtangazaji alisema mji unakua, umeme upo wa kutosha, na Jumamosi mheshimiwa atakuja mtaani kwetu kuzindua jengo jipya la ghorofa saba, lenye lifti. Redio yenyewe ilikuwa inakwenda kwa betri, maana umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri.

Ubwa akacheka mpaka kahawa ikampalia. Huyu tunamwita Upinzani, kwa sababu hata ukimwambia leo Ijumaa atataka ushahidi. Alisema umeme upo kweli, unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, lakini ukifika mtaani unakuta jengo lile na viyoyozi vyake limeshakaa mbele ya sinia. Wao wanakula pilau, sisi tunakwangua ukoko.

Shaame akamkata kauli. Yeye ndiye Msemaji, jina alilopewa kwa kuitetea serikali hata pale ambapo serikali yenyewe imeamua kunyamaza. Alisema mji haujengwi kwa midomo. Watu wameongezeka, kila anayeoa anataka friji na feni, nyumba iliyokuwa na taa moja leo ina televisheni kila chumba, na transfoma ni ile ile ya enzi za wazee wetu. Hapo hata Ubwa alikuna kichwa, kwani kwake zipo televisheni mbili, kila moja na chaneli yake.

Kisha Shaame akatoa ujumbe wa sheha, mkuu wa mtaa wetu. Jumamosi tangu asubuhi, kila nyumba izime friji, pasi, feni na pampu, mpaka mgeni aondoke. Lifti inataka umeme ulioshiba.

Ng'ambo ya njia, mlangoni kwake, alikuwa amekaa Bi Saadiya. Huyu ni mjane anayelea wajukuu kwa kuuza barafu, na wauza samaki wa soko la Darajani wengi wanamtegemea. Friza lake likilala, samaki wa watu wanaoza na wajukuu wanalala njaa.

"Shaame mwanangu," alisema, "yaani mgeni aone umeme upo, lazima sisi tuukose?"

"Mgeni njoo mwenyeji apone, Bi Saadiya. Mie ndiye nliyechaguliwa kumpandisha juu kwa lifti. Tukifika nitamwonesha mtaa wote, nimwombe transfoma mpya."

"Ataona taa zinawaka kila mahali, atakupa ya nini?" Ubwa akauliza. "Umemwona wapi mgonjwa anajipaka poda kabla ya kwenda kwa daktari?"

Walibishana mpaka birika la Mkadam likapoa. Mwishowe Bi Saadiya mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema ikiwa kuna transfoma ndani yake, basi friza litazimwa, na asiyezima akija kwake asitarajie hata kipande cha barafu cha kuwekea kwenye juisi.

Jumamosi ikafika. Tuliahidiwa mgeni atafika asubuhi. Wapiga ngoma walipiga mpaka mikono ikawavimba, wakapumzika, wakapiga tena. Adhuhuri ikapita. Jua lilikuwa kali, na ndani ya nyumba zetu bila feni mlikuwa kama ndani ya tanuri la mikate. Mgeni hajaonekana.

Kwa Bi Saadiya maji yalianza kutoka chini ya mlango. Aliyatazama mpaka yakafika njiani, akaingia ndani, akawasha friza. Baadaye alitwambia kwamba alijisemea moyoni, friza moja haliwezi kuangusha jengo zima. Kumbe Mkadam naye, aliyeishiwa maji ya kahawa, alijisemea hivyo hivyo akawasha pampu. Ubwa, aliyeapa kwamba kwenye uzinduzi hatotia mguu, alikuwa kajifungia chumbani anapiga pasi kanzu ili akakae safu ya mbele. Na mtaa mzima, kila mmoja peke yake, kwa siri, akawasha kimoja tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mheshimiwa alifika baada ya alasiri. Akahutubia kwa ufupi, akasema wanaosema hakuna umeme waje waone kwa macho yao. Akakata utepe, akaingia kwenye lifti pamoja na Shaame, aliyevaa koti la kuazima. Mlango ukajifunga, tukapiga makofi. Makofi hayajesha, transfoma ya pembeni mwa njia ikatoa mlio mmoja mzito, moshi ukapanda, na mtaa wote ukazimika.

Lifti ilikwama kati ya ghorofa mbili. Mwenye jengo alimtafuta fundi mwenye ufunguo, akaambiwa kaenda kula. Sote tulisimama chini tukitazamana, kila mmoja akijua alichokiwasha. Ubwa alitoka mbio nyumbani kwake, bado kashika pasi.

Walipotolewa, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mheshimiwa shati limemganda mwilini, Shaame koti halijulikani rangi. Bi Saadiya akapasua kundi la watu akiwa na barafu kaifunga kwenye kitambaa, akampa mgeni. Aliiweka kwenye paji la uso, akafumba macho, kisha akamuuliza katika mtaa usio na umeme barafu kaitoa wapi.

"Hii ndiyo iliyobaki," Bi Saadiya akamjibu.

Mheshimiwa alimtazama, akaitazama barafu inavyomtiririkia mkononi, akaingia garini.

Wiki iliyofuata lori lilileta mashine kubwa iliyofunikwa turubai. Tulilifuata mbio kwa furaha tukidhani ni transfoma, watoto wametutangulia. Turubai lilipovuliwa, tukakuta ni jenereta, la lifti. Transfoma yetu ya zamani walikuja kuitia kiraka, ikawa inaamka na kulala kama mgonjwa wa homa.

Siku ile lilipoletwa jenereta, barazani tulimwandama Shaame. Alikuwa hajazungumza tangu siku ya uzinduzi, na kwa Msemaji hilo lilikuwa jambo la kutisha. Tulitaka kujua kule gizani, wawili peke yao, walizungumza nini. Alikataa, akazungusha kikombe, mwishowe akakiweka chini.

"Mwanzo aligombana na simu yake, ikawa haishiki mtandao," alisema. "Halafu akavua koti. Halafu akaniuliza, 'Kwani nyinyi huku mnaishi vipi?'"

"Weye ukamjibu nini?" Ubwa akauliza.

"Nikamwambia, vivi hivi, mheshimiwa. Ila sisi tuna madirisha."