Kidogo Tulicho Nacho Kilimani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Waheshimiwa Wakaguzi wa Kimataifa mliotoka Vienna na vipimo vyenu vinavyolia tii tii. Mheshimiwa Mkalimani wao. Sheikh wa msikiti wetu. Wazee wa Deh-Anaran, wakulima wa makomamanga, akina mama, mke wangu. Na mimi mwenyewe, Mhandisi Houshang Sotoudehnia, Daktari Mtarajiwa, Mkuu wa Wilaya hii kwa vipindi vitatu mfululizo, itifaki imezingatiwa. Naomba tusimame. (Watu wanasimama.) Tukae. Nilitaka tu kujua kama kipaza sauti kinafika nyuma.

Ndugu wananchi, kama mnavyofahamu, mwaka jana katika mwezi wa Tir, kiangazi kilipoanza, ndege ambazo mpaka leo hazijajitambulisha ziliangusha mabomu matatu juu ya kilima chetu, na kwa kuwa hakuna adui mwenye akili timamu anayepoteza mabomu mahali pasipo na maendeleo, tukio lile, kwa tathmini ya kitaalamu niliyoifanya mwenyewe, lilithibitisha kwamba wilaya yetu imepiga hatua kwa asilimia themanini na saba, wakati wilaya jirani, pamoja na kujisifu kwao kote, haikupata hata bomu moja. (Makofi machache. Mzee mmoja: “Wana bahati hao.”)

Kilichopigwa, ndugu zangu, ni Kituo cha Utafiti wa Tiba ya Atomu, ambacho nilikizindua mara nne, nikakitolea hotuba mara kumi na moja, chenye wafanyakazi mia tatu na arobaini, mnyororo wa thamani na mpango mkakati wa miaka ishirini. (Sauti kutoka nyuma: “Hao mia tatu na arobaini ni watoto wa nani? Wangu anauza soksi Isfahan.”) Swali zuri. Ajira zile zilikuwa za siri, hata kwa walioajiriwa. (Kicheko kirefu.)

Sasa nije kwenye uwazi na diplomasia. Bwana Etcheverry, kiongozi wa wakaguzi, yule pale mwenye kofia, alipofika nyumbani kwangu na kuuliza kama kilimani tuna madini yoyote ya nyuklia, nilimjibu kama mama yangu alivyonilea: “Ni kidogo tu, Bwana, hakistahili macho yako, lakini chote ni chako.” Niwaulize, nani kati yenu, mgeni akimuuliza kama ndani kuna chochote, atathubutu kusema hakuna? (Wote: “Hakuna.”) Lakini Bwana Etcheverry hata chai hakuimaliza. Alitoa kalamu akaandika: “Kidogo. Wamekiri.” Leo ni siku ya kumi na tisa wanakitafuta hicho kidogo, wamepima kilima, wamepima mbuzi, juzi wamepima mchuzi wa mke wangu. (Mkalimani anatafsiri. Mkaguzi anatikisa kichwa kukubali.) Ningerudi kumwambia kwamba nilikuwa nakirimu tu? Mgeni angeaibika, na aibu ya mgeni ni aibu ya mwenye nyumba.

(Mwanamke wa makamo anasimama safu ya tatu, bahasha mkononi: “Aqa, maji yangu je?”)

Naam, Khanum Mahrokh, mwenye bustani ya makomamanga chini ya kilima, mdau muhimu. Ofisi yangu inalishughulikia suala la Handaki Namba Moja katika ngazi zote.

(“Si handaki, Aqa. Ni mfereji wa maji wa chini ya ardhi, qanat aliyoichimba babu wa babu yangu, na bomu limeubomoa. Mchimbaji yuko tayari, siku nne tu anausafisha. Lakini wageni wako wamebandika lakiri yao mlangoni kwa sababu kwenye makaratasi yako umeuita handaki la kituo. Miti imeshatoa maua. Wiki hii ikipita bila maji, maua yatapukutika, kisha miti. Mara saba nimekuletea barua uandike neno moja tu, kwamba ni mfereji.”)

Khanum, nakusikia, na moyo unaniuma, maana nimekula makomamanga ya bustani ile tangu sina meno. Lakini nikiandika kwamba Handaki Namba Moja ni mfereji, hawa mabwana wataniuliza Namba Mbili iko wapi. (Mtu anakohoa.) Kwa hiyo naunda kamati. Kamati itaunda kamati ndogo. Na nikisema “Uwazi”, mseme “Kileleni”. Uwazi! (Watu watatu: “Kileleni.”) Diplomasia! (Mzee: “Maji.”) Aliyesema maji aketi.

Nimalizie kwa shukrani, maana mtu asiyeshukuru hakulelewa, na leo sitaki kumsahau yeyote. Nawashukuru walimu wa shule ya msingi, waliosimama kama wanasayansi siku za uzinduzi, bila kucheka. Namshukuru Aqa Bahador, mwuza nyama, aliyewaazima makoti meupe, na akayafua kwanza. Namshukuru fundi aliyechora mlango wa chuma juu ya mwamba kwa rangi ya mafuta, mlango uliopendeza mpaka ukaonekana kutoka angani. Na kuliko wote, namshukuru Khanum Mahrokh, aliyeturuhusu mara zote nne tupige picha za kituo mdomoni mwa mfereji wake, kwa sababu wilaya nzima hatukuwa na shimo jingine.

(Mkalimani anatafsiri, neno kwa neno. Bwana Etcheverry anavua kofia, anaitazama, anaivaa tena. Khanum Mahrokh anapanda jukwaani na kuifungua bahasha juu ya karatasi za hotuba.)

(“Tia sahihi, Aqa. Huna tena kituo cha kulinda.”)

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Wapi, Khanum? Hapa chini?