Bravo ya Nyuma Kushoto

Jumatano, 6 Novemba
Dada Hedwig, salamu katika Kristo. Goti linaendeleaje? Kurasa hizi nitakutumia wiki ijayo. Usimsomee mtu, hata mumeo.
Jumamosi binti yangu Veronika anapiga zumari katika okestra, mubashara mtandaoni. Mwaka wake wa majaribio unaisha. Baada ya onyesho wakuu wataamua kama atabaki. Nasali rozari asubuhi na jioni.
Ila kuna Pichler. Mwanawe alipopiga tarumbeta humo, Pichler alipaza sauti “Bravo!” kabla ya mtu yeyote. Nasi tulikuwa tukisikiliza katika ukumbi wa parokia, ambako Padri Ambros amezungusha spika mbele, pembeni na nyuma. Sauti ikatoka nyuma kushoto, kana kwamba jamaa amesimama begani pako. Bi Stadler aligeuka kumwamkia! Tangu hapo Pichler anatembea kama askofu.
Safari hii bravo ni yangu.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimebadilisha tiketi. Nimepata kiti chini kabisa ya maikrofoni inayonasa sauti za watazamaji. Mazoezi nafanyia kwenye mnara wa kengele. Usakristani una faida zake. Njiwa wamehama. Pichler akanisikia, akaniuliza eti Korbinian, mbona unanguruma kama trekta la marehemu babako. Nikasema mafua. Uongo. Nitaungama.

Jumamosi, 9 Novemba
Ee Mungu, nifunike.
Muziki ulipanda, ukapanda, ukalipuka. Kisha kimya. Nikamwona Pichler, safu ya mbele yangu, anavuta pumzi. Nikamwahi. “BRAVO!”
Haukuwa mwisho. Pichler alikuwa anataka kupiga chafya. Kimya kile alikiweka mtunzi mwenyewe, ili zumari liingie peke yake, polepole. Zumari la mwanangu! Kondakta hakugeuka; shingo yake ndiyo iliyogeuka rangi. Veronika akachelewa kuingia, na noti ya kwanza ikalia kama bata.

Jumapili, 10 Novemba
Misa nimesikilizia nyuma ya nguzo. Bi Stadler akanifuata hukohuko: jana kwenye spika za parokia kahawa yake yote iliishia kwenye sketi, alidhani nimemnyatia nyuma nimwibie keki. Padri akasema, kwa upole unaouma kuliko kofi, kwamba hata Bwana wetu alingoja siku ya tatu. Pichler hakucheka. Alinipa mkono. Hapo ndipo machozi yaliponitoka.
Veronika amepiga simu. Hakugomba. Wakuu hawajaamua, watamsikiliza tena katika onyesho la Ijumaa. “Na Baba, nakuomba, baki nyumbani.” Basi. Nimeapa mbele ya altare: sifungui mdomo.

Jumatatu, 11 Novemba, Mtakatifu Martino
Dada, nimegundua jambo! Mtandaoni, chini ya picha ya onyesho, watazamaji huandika maoni, na wakuu wanayasoma palepale. Kuandika si kufungua mdomo. Kwaya nzima nimeigawia maneno ya sifa, kila mtu lake. Bi Stadler bado anafikiria. Tutatuma kwa pigo moja, mara tu zumari likianza.
Wewe nimekuandikisha kama Profesa Hedwig wa Vienna, bingwa wa zumari. Namba ya kuthibitisha wameituma kwenye simu yako. Nakuomba unitumie namba hiyo upesi, kabla ya Ijumaa.
Ndugu yako, Korbinian